Taa ya Mtu wa Nyuma

Simama jioni kwenye makutano ya Wandegeya, Kampala, pale bodaboda zinapojipanga mbele ya magari kungoja taa ya kijani, kisha uhesabu indiketa. Nyingine hazina kioo. Nyingine zinaning'inia kwa waya kama pera lililosahauliwa mtini. Nyingine ziling'olewa zamani, likabaki tundu la boliti. Na katika zile zilizo kamili, zipo ambazo hazijawaka tangu mvua za mwaka jana. Dereva anayetaka kukata kulia anageuza kichwa, anapunga mkono wa kushoto chini ya goti, anapiga honi mara mbili, au anamwachia abiria kazi yote: abiria ndiye anayenyoosha mkono na kuwaomba wenye magari wasimgonge.

Maelezo yanayopatikana kwa haraka ni kwamba watu wa boda ni wakaidi. Yana ukweli wake, lakini hayajibu swali: kwa nini indiketa na si tairi? Dereva huyohuyo anayeitwa mkaidi hukaza mnyororo kila siku chache, hubadilisha oili kwa wakati, na waya wa klachi ukikatika hafiki jioni bila kuutengeneza. Pikipiki yake, tuseme Bajaj Boxer au TVS, ilitoka dukani na indiketa nne zinazofanya kazi. Basi zilikufaje kwanza?

Jibu langu ni hili: katika taa kubwa za pikipiki, indiketa haimpi mwenyewe chochote anachokiona. Taa ya mbele inamwonyesha shimo. Honi inamfungulia njia. Indiketa inazungumza na mtu mwingine, tena mara nyingi mtu wa nyuma, na ile ya nyuma mwenye pikipiki hawezi hata kuiona ikiwaka bila kugeuza shingo. Ikifa, pikipiki inakwenda vilevile, inakula petroli ileile, na nauli haipungui. Pikipiki nyingi za Kampala ama ni za mkopo, kama ule wa Tugende ulioanza mwaka 2012, unaolipwa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chako, ama ni za tajiri anayetaka hesabu yake ya siku. Kwa mtu wa namna hiyo, saa moja kwa makanika ni saa moja isiyo na abiria. Kinachosimamisha kazi kinatengenezwa sasa hivi. Kinachomsaidia jirani kinangoja kesho.

Tena desturi imeitangulia taa. Bodaboda ilizaliwa mpakani Busia, kati ya Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960, juu ya baiskeli. Baiskeli haina indiketa, ina mkono. Pikipiki zilipokuja kuchukua kazi hiyo zilirithi jina, zikarithi na mkono.

Na umbo la pikipiki lenyewe linachangia. Indiketa imetokeza pembeni kama sikio, na mjini kinachotokeza ndicho kinachogongwa. Pita na Boxer kati ya teksi mbili karibu na Old Taxi Park saa kumi na moja jioni, utaona kwa nini madereva wengine huzikunja ndani au kuzifunga kwa mpira. Ya nyuma ina adui zaidi: gunia la mkaa, kreti za soda, mikungu ya matooke iliyofungwa kushoto na kulia. Hata ikiwaka, nani ataiona nyuma ya mkungu?

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe, maana hapa ndipo pesa hupotea. Desturi ya gereji za kando ya barabara, kuanzia Ndeeba hadi Bwaise, ni kuanza na kubadilisha kitu. Mteja anasema indiketa haiwaki. Fundi anamtuma mtu akalete balbu. Haikuwaka? Lete flasha. Bado? Basi ni swichi. Kufikia hapo mteja amelipia vitu vitatu, angalau viwili kati ya hivyo vilikuwa vizima, na dawa pengine ilikuwa kukwangua kutu kwa msasa. Simlaumu fundi peke yake. Mteja naye anataka kuona kitu kipya mkononi ndipo aamini kazi imefanyika. Kupima hakuonekani, na watu hawapendi kulipia kisichoonekana.

Ilhali indiketa ni mgonjwa anayesema. Mwendo wake wa kuwaka na kuzima ni mapigo ya moyo, na fundi anayejua kusikiliza anaweza kutoa nusu ya jibu kabla hajashika bisibisi. Kanuni za kimataifa za taa za magari zinataka indiketa iwake na kuzima kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Anayetengeneza mwendo huo ni flasha, kile kijidude kidogo chenye miguu miwili au mitatu ambacho mara nyingi hujificha chini ya tangi, nyuma ya taa ya mbele au karibu na betri. Flasha za zamani zina utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Umeme ukipita, utepe unapata joto, metali moja inatanuka kuliko mwenzake, utepe unajikunja na njia inakatika. Ukipoa unarudi, na mchezo unaanza upya. Flasha za siku hizi ni za kielektroniki, lakini nyingi bado zinafanya kama za zamani kwa jambo moja: zinapima mzigo.

Mzigo ni balbu. Balbu mbili za wati 10, moja mbele na moja nyuma, kwenye umeme wa volti 12 huvuta karibu ampea 1.7. Moja ikiungua, zinabaki kama ampea 0.8. Flasha ya kielektroniki inaitambua tofauti hiyo na kuanza kukimbia, tik-tik-tik-tik, makusudi, ili kumwambia dereva kwamba kuna mwenzao amekufa. Flasha ya utepe yenyewe hulegea, au huiacha taa imewaka bila kuzima, kwa kuwa umeme uliobaki hautoshi kuupasha utepe. Kwa hiyo dereva anayesema kwamba indiketa yake ya kushoto siku hizi imekuwa na nguvu, inawaka haraka sana, anasoma barua ya msiba akidhani ni ya harusi.

Kanuni ya kwanza ya upimaji inatokana na hapo, na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Flasha ni moja, pande ni mbili. Kulia kukifanya kazi vizuri na kushoto kukawa kumekufa au kunakimbia, basi flasha ni nzima, fyuzi ni nzima, betri ni nzima. Usiviguse. Ugonjwa uko baada ya njia kugawanyika: kwenye swichi upande wa kushoto, kwenye waya wa kushoto, kwenye balbu, kwenye kishikio chake, au kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini. Pande zote mbili zikifa kwa pamoja, rudi nyuma kabla ya mgawanyiko. Piga honi na ukanyage breki. Navyo vikinyamaza, tafuta fyuzi na betri. Vikiitika, mtuhumiwa ni flasha au waya unaoilisha. Hapo chukua kipande kifupi cha waya, chomoa flasha ya miguu miwili na uunganishe matundu yake mawili, kisha usukume swichi kushoto. Taa zikiwaka na kutulia bila kuzima, flasha ndiyo iliyokufa na unaweza kwenda dukani kwa amani. Kwa flasha ya miguu mitatu, unaunganisha mguu unaopokea moto na ule unaoupeleka kwenye swichi. Ule wa ethi unauacha. Ukiugusa kwa bahati mbaya, fyuzi itakufundisha.

Halafu kuna betri, na hapa Kampala ina tabia yake. Pikipiki ndogo nyingi hupata cheche ya injini moja kwa moja kutoka kwenye sumaku inayozunguka na injini, bila kutegemea betri, na zina kiki. Kwa hiyo betri ikifa, dereva anapiga kiki na maisha yanaendelea; betri inabaki kwenye kisanduku chake kama mzigo. Indiketa lakini haiwezi kuishi hivyo. Injini ikinguruma polepole, umeme unaotoka ni kidogo na hautulii. Taa inakuwa kama utambi unaokaribia kuisha mafuta. Dalili yake haikosei: ukiongeza mafuta indiketa inachangamka, ukiachia inasinzia. Na dereva anaonyesha kwamba anakata kulia wakati gani? Wakati anapopunguza mwendo. Taa inakufa katika sekunde ileile inapohitajika. Betri nzima iliyopumzika huwa na volti 12.6 hivi, na injini ikipewa mafuta kidogo inapaswa kupanda hadi 14 au zaidi kidogo. Ikipita 15, rektifaya inayodhibiti chaji imeharibika, na utabadilisha balbu kila mwezi bila kujua mwizi ni nani.

Sasa ethi. Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndipo palipo na kesi nyingi na ndipo mafundi wengi hawatazami. Mtu anayefikiria umeme kama maji ya bomba hufikiria safari ya kwenda tu: moto umetoka kwenye betri, umepita swichi, umefika kwenye balbu, basi. Lakini umeme usipopata njia ya kurudi hauendi popote. Njia ya kurudi ni waya hasi au chuma cha pikipiki yenyewe, na chuma hicho ndicho kinachopigwa rangi, kinachochomelewa kizimba cha kubebea mizigo, kinachopata kutu, kinachotikiswa na mashimo. Mtu anaipeleka pikipiki ikapakwe rangi upya ipendeze, na rangi inaingia katikati ya boliti na fremu. Siku ya pili indiketa ya nyuma imekufa na balbu haina kosa lolote.

Ethi mbovu ina vituko vyake vinavyoitambulisha. Ukiwasha indiketa ya nyuma, taa ya breki inapepesa nayo hafifu, kana kwamba inaijibu. Au ukikanyaga breki, indiketa inaacha kuwaka. Si uchawi. Umeme uliokosa mlango wake unapita kwa jirani: unaingia kwenye uzi wa balbu nyingine ukitafuta njia ya kurudi betrini, na ukipita unaiwasha kidogo. Fundi asiyejua hilo ataanza kufungua waya zote za nyuma akitafuta zilizogusana. Anayejua atachukua waya mmoja mrefu, afunge upande mmoja kwenye ncha hasi ya betri na kugusisha wa pili kwenye mwili wa indiketa au waya wake hasi. Ikiwaka vizuri, kazi imekwisha: legeza boliti, kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, kaza. Mwenye mita ataweka vijiti vyake kati ya ncha hasi ya betri na mwili wa balbu huku taa ikiwaka; pakionekana volti moja au mbili badala ya sehemu ndogo tu ya volti, umeme unapotelea njiani wakati wa kurudi.

Kuna hali nyingine inayowachanganya wengi: indiketa inayofanya kazi leo na kugoma kesho. Hapo muulize usukani. Washa indiketa, pikipiki imesimama, kisha uuzungushe usukani pole pole hadi mwisho wa kushoto, halafu hadi mwisho wa kulia. Fungu la waya linalopita shingoni hukunjwa na kukunjuliwa kila kona ya Kampala, na Kampala haina uhaba wa kona. Shaba ya ndani inakatika huku plastiki ya nje ikibaki nzima, kwa hiyo macho hayaoni kitu. Taa ikizima usukani ukiwa upande mmoja na kurudi ukiwa katikati, umeshaupata waya uliokatika. Unganisha waya huo kwa kuuchomea lehemu na kuufunika kwa mpira, na uuachie urefu wa kujinyoosha. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa solotepu hautavuka msimu wa mvua.

Mvua zenyewe huja mara mbili, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba. Bwaise ikifurika, pikipiki huvuka maji yanayofika kwenye ekseli, na maji hayo si safi. Hata hivyo nadhani adui mkubwa kuliko mafuriko ni mashine ya kuoshea. Dereva anayetaka chombo chake king'ae anakipeleka kwa waoshaji wenye pampu, na maji ya kasi yanaingia ndani ya swichi ya kushoto na kwenye vishikio vya balbu kuliko mvua yoyote. Baada ya wiki kadhaa shaba inaota ukungu wa kijani. Swichi ya namna hiyo mara nyingi haihitaji kubadilishwa. Inahitaji kufunguliwa kwa utulivu juu ya kitambaa cheupe, maana ndani mna springi na gololi ndogo inayopenda kuruka na kupotelea vumbini, kisha kusafishwa na kupakwa grisi. Wengi hawaifungui kwa sababu ya gololi hiyo tu.

Kuhusu spea sina mengi. Ukienda soko la Kisekka utapata balbu ya kila bei, na ya bei ndogo huungua mapema. Angalia wati iliyoandikwa kwenye kitako: ukiweka ya 21 mahali pa 10 upande mmoja, mwendo utabadilika na plastiki italainika kwa joto. Balbu za rangi ya chungwa zina vipini ambavyo havikukaa sawa kwa sawa, makusudi, ili zisiingie kwenye kishikio kisicho chao. Wapo wanaovisaga viingie kwa nguvu.

Jambo lenye utamu zaidi ni LED. Vijana wanazipenda: zinang'aa, hazili betri, na pikipiki inapendeza usiku. Lakini LED mbili za wati moja moja huvuta ampea 0.17 hivi, na flasha inayopima mzigo inadhani balbu zimekufa. Inakimbia kama kichaa, au inakataa kabisa. Wengine hufunga rezista ili kuidanganya flasha, na hufanikiwa, ila rezista hiyo inakula zile wati zilizookolewa na kuzigeuza joto. Ikifungwa kwenye plastiki itaiyeyusha. Dawa iliyo safi ni flasha ya LED, isiyojali mzigo. Hata baada ya hapo kuna kichekesho kinachongoja. Kwenye pikipiki nyingi taa ya dashibodi inayoonyesha indiketa ni moja tu kwa pande zote mbili, na imeunganishwa katikati ya waya wa kushoto na wa kulia: upande mmoja ukiwaka, umeme wake hurudi kupitia balbu za upande wa pili, kwa kiasi kidogo kisichoweza kuziwasha. LED inatosheka na kiasi hicho kidogo. Kwa hiyo dereva anawasha kushoto na taa zote nne zinawaka, kama aliyebonyeza hazadi. Anarudi kwa fundi akidai ameuziwa flasha mbovu. Kumbe kinachotakiwa ni diodi mbili, moja kila upande, na waya wa tatu unaoipeleka taa ya dashibodi kwenye ethi yake yenyewe, kazi ya dakika ishirini kwa anayeijua.

Pikipiki za umeme, zile za kina Zembo zinazobadilishiwa betri vituoni, zimeleta ramani mpya kidogo. Betri kubwa ina volti nyingi mno kwa taa, kwa hiyo kuna kibadilishi kinachozishusha hadi 12. Indiketa, honi na taa ya mbele zikizima zote kwa mpigo huku mota ikivuta kama kawaida, usifungue kishikio cha balbu, tazama kibadilishi. Na fundi wa kando ya barabara asijaribu kuvuta waya wa indiketa kutoka kwenye betri kubwa. Mengine yote, kuanzia kutu hadi ethi, ni yaleyale.

Nimesema indiketa ni taa ya mtu mwingine. Kuna upande mmoja wa jambo hilo ambao madereva wenyewe hukiri ukiwauliza. Indiketa ya gari hujizima usukani ukirudi; ya pikipiki hizi haijizimi. Dereva amekata kona Kibuye, amesahau kurudisha swichi, taa ya dashibodi ilififia zamani kwa jua, na kelele za mji zimemeza ule mlio mdogo wa flasha. Anaendelea moja kwa moja na indiketa ya kushoto ikiita nyuma yake. Mwenye gari anayetoka barabara ndogo anaiamini, anaingia. Kwa sababu hiyo baadhi ya madereva wa boda wanakuambia bila aibu kwamba heri isiyowaka kuliko inayodanganya, na walioiona ajali ya namna hiyo huwezi kuwacheka. Ila hoja yao inaelekea kwenye balbu ndogo ya dashibodi, ile ambayo hakuna anayekuja kuinunua. Ndiyo pekee katika mfumo wote inayomtazama dereva, na ndiyo ningeanza kuibadilisha.

Nchini Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo kukata kulia ndiko kunakoua: unavuka mbele ya wanaokuja na mbele ya anayekupita kutoka nyuma. Upande wa kulia ndio wa kupimwa kwanza asubuhi. Kuupima hakuhitaji fundi wala msaidizi. Kabla hakujakucha vizuri, sogeza pikipiki karibu na ukuta, washa kulia, utazame ukutani: mwanga wa chungwa unapaswa kuonekana mara mbili, mmoja mbele ya goti lako na mmoja nyuma ya kiti.